Jibu: Wasifu wa marehemu mume wangu umebaki tarehe tupu, nifanyeje?

Pole sana dada, Mungu awatie nguvu wewe na watoto. Umesema wasifu unasomwa keshokutwa kanisani, na kila ukiandika zinatoka kuzaliwa, shule, kazi na kuugua, lakini mume na baba mwenyewe haonekani. Mimi nilipomwandikia baba yangu nilikwama hapohapo.

Anza na majina. Shika cheti cha ndoa na kitambulisho chake cha NIDA mkononi, kisha msomee shemeji mkubwa orodha ya watoto na wajukuu kabla haijachapwa. Kwetu lilisahaulika jina la mtoto mmoja aliyezaliwa nje ya ndoa, na ule uchungu haujaisha mpaka leo.

Halafu weka karatasi pembeni. Kaa na watoto, kila mmoja aseme jambo moja alilofanyiwa na baba. Mdogo wetu alisema Jumapili usiku baba alikuwa akitupigia viatu kiwi, anavipanga mlangoni kwa ukubwa, vyake vinakuwa vya mwisho. Niliandika vilevile alivyosema, na pale ndipo watu walipolia. "Alikuwa mchapakazi na mcheshi" kila marehemu huandikiwa, kata.

Ugonjwa, sentensi mbili zinatosha. Dakika za kusoma muulize mzee wa kanisa leo, kila usharika una utaratibu wake.

Na usisome wewe, dada. Mpe rafiki yake wa kazini mwenye sauti ya kusikika, wewe kaa na watoto wako.