Besi anafuata chambo mpaka miguuni, kisha anageuka: nibadilishe nini?

SWALI: Navua besi wa mdomo mkubwa kwa fimbo na rili katika bwawa lenye magugu kandokando na maji maangavu katikati. Sanduku langu limejaa vyambo bandia vya kila rangi. Mara nyingi namwona samaki akikifuata chambo mpaka karibu na ninaposimama, halafu anageuka na kwenda zake. Nikitumia mnyoo wa plastiki nahisi ameugusa, lakini nikivuta hakuna kitu. Wavuvi wazoefu hutegemea chambo kipi, nami nakosea wapi?

JIBU: Una matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja litakaloondoka kwa kununua chambo kingine.

Nianze na huyo anayekufuata. Samaki aliyetoka mafichoni akaogelea nyuma ya chambo chako amekiona na amekipenda kiasi cha kujisumbua, kwa hiyo rangi si kikwazo kikubwa. Kinachomfanya asite ni mwendo. Besi ni mviziaji: hukaa kwenye kivuli cha gogo au ukingoni mwa magugu, akavamia kinachopita karibu. Kitu kinachokwenda kwa kasi ileile moja, kwenye mstari ulionyooka, ndani ya maji maangavu, kinampa muda wa kukikagua. Samaki mdogo anayeona anakimbizwa haendi hivyo. Hushtuka, hukata kona, husimama ghafla.

Basi unapovuta, vunja mwendo. Zungusha rili mara nne au tano, simama kwa sekunde mbili, kisha tikisa ncha ya fimbo mara moja kabla ya kuendelea. Ukiona kivuli kinakifuata chambo, usipunguze kasi kwa woga, maana wengi hufanya hivyo na samaki hupata nafasi ya kutazama zaidi. Ongeza kasi ghafla, au elekeza fimbo upande mwingine ili chambo kikate kona. Kama chambo chako ni krankibeti, yaani samaki bandia mwenye ulimi wa plastiki unaomzamisha anapovutwa, kivutie palipo na magogo na mawe makusudi. Kikigonga gogo, acha kuvuta. Kitapanda polepole chenyewe, na hapo ndipo besi wengi hushambulia.

Akigeuka bado, usiondoke. Uwe na fimbo ya pili iliyofungwa tayari mnyoo mnene ulionyooka, wenye urefu wa sentimita 12 hivi, usio na chubwi, ndoana ikiwa imepita katikati ya kiwiliwili chake. Urushe alipopotelea kisha usifanye chochote. Mnyoo huo huzama taratibu huku ncha zake mbili zikitetemeka, na samaki aliyekataa kitu cha mbio mara nyingi hukubali hiki. Kwangu mimi, hakuna njia ya kumrudia besi aliyekuonyesha alipo inayoshinda hii.

Sasa huyo anayegusa halafu hakuna kitu. Besi hana mikono; akitaka kujua kitu ni nini lazima akitie mdomoni. Hufungua kinywa kwa ghafla na maji yanaingia na chambo ndani, na asiporidhika hukitema mara moja. Hiyo ndiyo faida ya plastiki laini, kwamba besi huing'ang'ania muda mrefu kidogo kuliko mbao au bati. Lakini muda huo ni mfupi, na wewe unaupoteza kwa kusubiri mpaka mkono uhisi.

Kwa magugu yako, ufunge mnyoo kwa mtindo wa Texas. Pitisha mshipi kwanza kwenye chubwi chenye umbo la risasi, cha gramu 5 hadi 7, kisha funga ndoana pana yenye kipindo karibu na tundu lake. Ingiza ncha ya ndoana kwenye kichwa cha mnyoo kiasi cha nusu sentimita, itoe ubavuni, vuta mpaka kipindo kijifiche kichwani, geuza ndoana, kisha rudisha ncha ndani ya mwili ili mnyoo ukae umenyooka. Uhakikishe hapo kwenye kunyooka. Mnyoo uliojikunja huzunguka majini, husokota mshipi na haudanganyi samaki yeyote. Ncha ikifichwa hivi, unaweza kurusha katikati ya magugu bila kunasa.

Ukisharusha, mnyoo uzame mshipi ukiwa umelegea kidogo, si kukaza wala kuachia ovyo. Maumo mengi huja wakati huu wa kuzama, kabla hujaanza kuvuta. Kwa hiyo angalia mshipi pale unapoingia majini. Ukiruka, ukienda pembeni, au ukiacha kuzama kabla ya wakati wake, kuna kinywa upande wa pili. Shusha fimbo, kusanya ulegevu haraka, kisha inua kwa nguvu, maana ncha lazima itoboe plastiki kwanza ndipo ifike kwenye taya. Mvuto wa mkono laini hautoshi.

Mshipi nao una sehemu yake. Nailoni hunyumbuka, na ukiwa umerusha mbali sehemu kubwa ya nguvu yako huishia njiani. Flurokaboni huzama, na haionekani sana kwenye maji maangavu. Kwa mnyoo ndiyo ningeichagua. Mshipi wa kusuka haunyumbuki karibu kabisa na hukata magugu, ila huonekana, kwa hiyo uache kwa chura wa mpira anayevutwa juu ya majani mazito. Huko kanuni inageuka: maji yakipasuka, usivute mpaka uhisi uzito wa samaki, la sivyo utamtoa chura mdomoni mwake.

Umeuliza wazoefu hutegemea nini. Wengi watakutajia mnyoo wa plastiki, jigi, krankibeti, chura, na spinabeti, ule waya uliopinda wenye vibati vinavyozunguka upande mmoja na ndoana yenye sketi upande wa pili. Spinabeti ni ya maji yaliyochafuka au yenye mawimbi, kwa sababu besi huhisi mtikisiko wake kwa mstari wa neva wa ubavuni kabla hajaiona. Jigi, yaani ndoana yenye kichwa kizito cha risasi, huvutwa chini kabisa, polepole, na hufaa maji yakiwa baridi. Joto la mwili wa besi hufuata la maji, kwa hiyo chini ya nyuzi 10 hivi mwili wake hupoa, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na hakimbizi kitu. Rangi unaweza kuzimaliza kwa kanuni fupi: kwa maji maangavu, rangi za asili zinazopitisha mwanga; kwa maji ya tope, nyeusi au buluu iliyokoza.

Ukitaka kujua wingi wa vyambo una uzito gani, George Perry alivua besi wa zaidi ya kilo 10 huko Georgia, Marekani, mwaka 1932 kwa chambo bandia, na inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walikuwa na kimoja tu cha kupokezana. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia, nayo ilifikiwa tu mwaka 2009 na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, naye alitumia samaki hai.

Jambo la mwisho, kwa kuwa bwawa lako lina maji maangavu. Maji yakifika nyuzi 15 hadi 20 msimu wa kutaga, utaona madume wamesimama juu ya viota vya duara kwenye kina kifupi. Watauma karibu kila kitu kwa hasira ya kulinda mayai. Waache. Dume akiondolewa, samaki wadogo huyavamia mayai papo hapo, na bwawa dogo huenda likaonyesha pengo hilo baada ya miaka michache. Rusha kwenye kina kirefu kilicho jirani, ambako majike wakubwa hukaa kabla na baada ya kutaga.