Lisbon, nianzie wapi na kamera?

Ndugu, kama una siku moja tu Lisbon, amka alfajiri uende Portas do Sol, uwanja wa juu wa kutazamia mji. Jua linachomozea upande wa mto Tejo, mapaa mekundu ya mtaa wa kale wa Alfama yametanda chini yako, na watalii bado wamelala. Kisha shuka ngazi taratibu. Vile vigae vya bluu vya ukutani hutoka vizuri zaidi kwenye kivuli. Tramu namba 28 ipige picha ukiwa nje, maana ndani ni kubanana kama daladala ya jioni. Mimi nilipopenda kuliko kote ni Carmo, kanisa lililoachwa bila paa na tetemeko la 1755: matao matupu, juu anga. Vaa viatu visivyoteleza. Mawe ya njiani yaling'arishwa na nyayo, na lenzi yangu ina ufa hadi leo.