Koyote anamsindikiza mbwa wangu, nifanyeje?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi pembezoni mwa Chicago na nina mbwa jike wa kilo 9. Tangu Mei ianze, tukipita kichakani nyuma ya mtaa, koyote, yule mnyama wa porini wa huku Marekani anayefanana na mbweha, anatufuata kwa mbali. Hashambulii. Jirani anasema anamvuta mbwa wangu kwa wenzake wamle. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Habari hiyo imeenea sana Marekani, lakini koyote hawindi hivyo. Mara nyingi ni mbwa asiye na kamba ndiye anayemkimbiza koyote, naye koyote anakimbilia kwao. Mbwa akifika anawakuta koyote mume na mke, pengine na watoto wao wa mwaka jana, na anayetazama kwa mbali anadhani ni mtego.

Huyo wenu anawasindikiza. Koyote hupandana kati ya Januari na Machi, na mimba huchukua siku 63 hivi, kwa hiyo Mei watoto wako shimoni. Mbwa na koyote ni ndugu wa karibu kiasi cha kuweza kuzaliana. Kwake yeye, mbwa wako ni mgeni aliyeingia bila hodi. Atawafuata mpaka mtoke kwenye eneo lake, kisha atarudi. Mkimwona ameinamisha kichwa, mgongo ameupinda kama paka, mdomo wazi, jueni mmelikaribia shimo. Msimtupie mawe hapo, ondokeni tu. Pitieni njia nyingine mpaka Agosti hivi, watoto wakue.

Uani ndiko kunakonitia hofu zaidi. Mbwa wa kilo 9 anaweza kuonekana kitoweo, kwa hiyo usiku toka naye mwenyewe, na usiache chakula nje. Njiani tumia kamba isiyozidi mita 2. Ile inayorefuka na kujikunja yenyewe haifai. Koyote akisogea, mbebe mbwa, usikimbie wala usimpe mgongo. Piga kelele huku ukirudi nyuma taratibu.

Hakikisha chanjo za kichaa cha mbwa, na za distempa na parvo (magonjwa hatari ya virusi ya mbwa), hazijapitwa na wakati. Na aking'atwa, hata tundu moja dogo, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Nimewahi kunyoa manyoya penye tundu la ukubwa wa punje ya mchele, nikakuta ngozi imeachana na nyama upana wa kiganja, na chini yake msuli umechanika. Juu palikuwa pameshaanza kukauka.