Maswali Yenu: Simu, Kompyuta na Weupe wa Meno

Daktari, programu ya simu imepima picha yangu ikasema meno yangu ni ya njano, halafu ikanitangazia jeli. Niinunue? (Kampala)

Subiri kwanza. Jipige picha usiku chini ya taa ya sebuleni, kisha asubuhi karibu na dirisha: rangi ya meno itabadilika, na huenda majibu ya programu nayo yakabadilika. Sisi hulinganisha jino na kipimo chenye vipande 16 vya rangi, tena kwenye mwanga mzuri. Jeli nyingi hutumia kemikali iitwayo peroksaidi, nayo hung'arisha jino la asili tu. Jino lililozibwa au kuvikwa kofia hubaki vilevile. Umoja wa Ulaya hauruhusu kumuuzia mteja moja kwa moja dawa yenye peroksaidi inayozidi asilimia 0.1. Pakiti isiyoandikwa kiwango chake iache dukani.

Binti yangu wa miaka 13 ana mabaka ya kahawia kwenye meno ya mbele tangu yalipoota. Shuleni wanamcheka. Akili mnemba inaweza kututafutia dawa? (Kisoro)

Mpe pole, mama, na umwambie huo si uchafu. Kwenu Kisoro, na sehemu za Kasese pia, vyanzo kadhaa vya maji vina madini mengi ya floridi. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake yangali yanajengeka ndani ya taya, gamba la jino hutoka na kasoro. Hata asugue mpaka fizi zitoke damu, mabaka hayaondoki.

Programu inaweza kuliona baka kwenye picha, lakini kujua chanzo kunahitaji mtu wa kuuliza alikulia wapi na alikunywa maji gani. Jeli nayo inaweza kuzidisha weupe pembeni, kahawia ikaonekana zaidi. Tena kwa umri wake nisingeianza. Daktari anaweza kuparua tabaka jembamba la juu kwa dawa maalumu, au kufunika baka kwa resini inayofanana na jino. Na kama ana wadogo zake wasiofikisha miaka 8, watafutieni maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, kisha myachemshe. Ya chanzo chenye floridi hata yakichemshwa, floridi haitoki.

Mkaa wa kusagwa je? (Arua)

Acha. Unakwangua gamba, na gamba halioti tena.

Kliniki imeniambia kompyuta imeona tundu kwenye eksirei. Niamini? (Jinja)

Programu hizo zipo kweli. Marekani iliidhinisha programu za kampuni za Overjet na Pearl za kutafuta matundu mwaka 2022. Huweka alama palipo na shaka, na jicho lililochoka husaidika sana. Lakini meno yakipandana kwenye picha, kivuli huweza kufanana na tundu. Mwombe daktari akuonyeshe mahali penyewe kwenye skrini, kisha alikague jino lako kwa macho na vifaa vyake. Akikataa, chukua nakala ya picha uende kwa daktari mwingine aliyesajiliwa kabla jino halijachimbwa.