Wadogo zangu wa mipaka, anzeni na bloku ya gereza

Juma lililopita kijana wetu mmoja alinitumia rasimu ya wadi za kaunti. Imechorwa vizuri, na tofauti ya idadi kati ya wadi na wadi ni ndogo. Nikavuta karibu upande wa kaskazini, nikakuta bloku moja (kipande kidogo kabisa cha ramani ya sensa), mashamba pande zote, na ndani yake watu zaidi ya elfu moja, karibu wote wanaume wazima. Nikamuuliza, "Hawa ni kina nani?" Akanyamaza. Mwezi uliotangulia mwenzake alifanya vilevile. Nawapenda, ninyi mliokuja huku Marekani mkaingia kazi hii ya kuchora mipaka ya uchaguzi, lakini kwa kosa hili la kuwaacha wafungwa wahesabike kama wakazi wa mahali gereza lilipo, uvumilivu umeniishia.

1. Fungua jedwali P5, linaloonyesha watu wanaoishi magerezani, mabwenini na kwingineko kwa pamoja, kabla hujachora mstari hata mmoja. Tangu sensa ya 2020 limo ndani ya faili lilelile la P.L. 94-171, lile la hesabu za sensa tunalochorea mipaka, kwa hiyo huna kisingizio. Asiyeona haja akumbuke mji wa Anamosa, Iowa. Mwaka 2005 Danny Young alichaguliwa diwani wa Wadi ya Pili kwa kura mbili, zote zimeandikwa kwa mkono, moja ya mkewe na nyingine ya jirani. Kwenye karatasi wadi ile ilikuwa na watu kama 1,380, na kama 1,320 kati yao walikuwa wafungwa wa gereza la jimbo. Wale wasiofika sitini waliobaki walipata diwani mzima, sawa na wadi jirani iliyojaa wakazi wenye nyumba na watoto shuleni.

2. "Lakini kwetu mtu huhesabiwa alipolala." Hili naambiwa na kila Mkenya mgeni. Ni kweli, mwaka 2019 makarani wetu walihesabu watu pale walipolala usiku wa Agosti 24 kuamkia 25. Huku hawafuati usiku mmoja. Wanafuata makazi ya kawaida, mahali mtu anapoishi na kulala muda mwingi, kanuni inayotokana na sheria ya sensa ya 1790. Kwa kanuni hiyo Ofisi ya Sensa humhesabu mfungwa gerezani. Hapo ndipo ninapogombana nayo. Mtu huyo, akiwa kifungoni kwa kosa kubwa, haruhusiwi kupiga kura kwenye jimbo lolote isipokuwa Maine na Vermont, na pia Washington, D.C. Diwani wa kijiji chenye gereza hamjui wala hamtembelei. Siku ya kutoka atapanda basi arudi Baltimore au Bronx. Pengine amefungwa miaka miwili, lakini mtaa wake umepunguziwa mtu kwa miaka kumi, mpaka sensa nyingine.

Someni pia habari za kaunti ya Somerset, Maryland. Kulikuwa na eneo lililochorwa makusudi ili wakazi weusi waweze kumchagua mtu wao. Gereza likafunguliwa ndani yake, wafungwa wakajaza idadi, na wapigakura weusi waliokuwa nje ya ukuta hawakutosha.

3. Majimbo mengine yana sheria ya kumhesabu mfungwa kwao nyumbani wakati wa kuchora mipaka, lakini sheria hizo si moja. Maryland na New York zote zilipitisha zao mwaka 2010, lakini Maryland hugusa hata wafungwa wa serikali kuu, na New York hugusa wa magereza ya jimbo tu. Ile ya Maryland ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2012. Soma ya jimbo lako mpaka ukurasa wa mwisho.

4. Anwani. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa faili la magereza: namba ya mfungwa, gereza alipo, na safu ya "anwani ya mwisho". Kazi yangu ilikuwa kugeokodi kila anwani, yaani kuipatia mahali pake kwenye ramani, na kumrudisha kila mtu kwao. Programu ilipomaliza, karibu anwani zote zilikuwa zimepata mahali. Nilifurahi mno. Usiku ule nilimpigia mama Mombasa nikamwambia kazi yangu inarudisha watu nyumbani.

Ikafika siku ya kusikiliza maoni ya wananchi, ramani zimebandikwa ukutani. Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau, ile ya kuendea kanisani, akasogea, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kona ya mtaa. "Hapa mmeandika wamerudi watu wengi," akasema. "Mimi naishi jirani na hapa. Hakuna nyumba hapa. Ni ukuta."

Ulikuwa ukuta wa jela ya kupokelea wafungwa wapya. Karani aliyewaandikisha alijaza mahali walipotoka asubuhi ile, yaani jela hiyohiyo. Mamia ya watu walikuwa na anwani moja, herufi kwa herufi, nami sikuwahi kuipanga ile safu nione ipi inajirudia. Niliwatoa gereza moja nikawatia jingine. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu naye yumo humo? Mmemweka wapi?" Sikuwa na jibu, na hata ningekuwa nalo nisingeruhusiwa kumpa. Nilishika ukingo wa meza tu.

Nilifanya kazi majuma mawili upya, nikitafuta anwani za zamani kwenye kumbukumbu, mtu mmoja mmoja. Wengine walipatikana, wengine nikawaacha kama wasiojulikana walikotoka, jinsi sheria ilivyotaka. Mitaa miwili ilihama eneo la uchaguzi. Yule mama alikaa kwenye mmojawapo.

5. Ukimtoa mfungwa huku na kumwongeza kule, toa na uongeze kwenye kila safu: jumla, umri wa miaka 18 na zaidi, rangi na asili.

6. Mahabusu wanaosubiri kesi kwenye jela za kaunti si sawa na waliohukumiwa. Angalia sheria yako inasemaje juu yao.

7. Majina na namba za wafungwa hazitumwi kwa barua pepe. Kamwe.

Na wewe uliyenitumia ile rasimu: bloku ya kaskazini bado ina watu wake. Njoo nalo faili kesho asubuhi, tulipange pamoja kwa anwani kabla hujagusa mstari wowote.