Kwa Nini Programu Mpya Hukataliwa na Seva ya Zamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina programu ndogo ya hesabu za stoo niliyoiandika kwa lugha ya C. Nimeijenga upya katika kompyuta yangu yenye Ubuntu 22.04, lakini seva ya ofisini yenye Ubuntu 20.04 inaikataa, ikidai kwamba toleo GLIBC_2.34 halikupatikana. Nakala niliyoijenga zamani katika Ubuntu 18.04 inafanya kazi katika mashine zote mbili. Je, nikilinakili faili la libc.so.6 kutoka kwangu na kuliweka katika seva, nitakuwa nimetatua tatizo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. Faili hilo ni maktaba, yaani mkusanyiko wa funksheni zinazotumiwa kwa pamoja na programu nyingi. Karibu kila amri ya seva, zikiwamo ls ya kuorodhesha mafaili na cp ya kuyanakili, huitegemea maktaba hiyo, nayo hutakiwa kulingana na kipakizi (programu inayopakia maktaba kwenye kumbukumbu) cha toleo lake. Ukiibadilisha peke yake, huenda hata amri ya kurudisha faili la awali ikagoma.

Maktaba hiyo, ambayo jina lake ni Maktaba ya C ya GNU, yaani glibc, huipa kila funksheni alama ya toleo, na programu inapojengwa huandikiwa ndani yake alama mpya kabisa zilizomo katika mashine inayoijenga. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, ilhali 22.04 ina 2.35. Toleo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, liliipa alama mpya hata __libc_start_main, funksheni inayoianzisha programu, na ndiyo maana hata programu ya kuchapa neno moja tu, ikijengwa katika kompyuta yako, itadai 2.34.

Nakala yako ya zamani inaendelea kufanya kazi kwa sababu watunzaji wa glibc hawafuti alama za nyuma. Mfano ninaoupenda ni wa memcpy, funksheni ya kunakili data ndani ya kumbukumbu. Funksheni hiyo ilipoongezwa kasi, baadhi ya programu zilizokuwa zikiitumia kinyume cha kanuni, kwa kunakili sehemu za kumbukumbu zinazoingiliana, zilianza kuharibika. Basi toleo la 2.14 la mwaka 2011 likaleta, kwa prosesa za x86-64 (zile za kawaida za biti 64 za Intel na AMD), memcpy mpya yenye alama yake, huku programu za zamani zikiachiwa ile yenye tabia waliyoizoea waandishi wake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, ina msimamo kama huo: Linus Torvalds, mwanzilishi wake, amesisitiza mara nyingi kwamba badiliko la kerneli linalovunja programu za watumiaji ni kosa la kerneli yenyewe.

Hata hivyo, si kila maktaba hutoa ahadi hiyo. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche), bila libssl.so.1.1 ya toleo lake la awali, kwa hiyo kama nakala yako ya 18.04 ingekuwa inaitegemea maktaba hiyo ya awali, ingekwama kwenye kompyuta yako mpya.

Dawa ni kuijenga programu katika mfumo wa zamani kuliko yote unayokusudia kuihudumia. Kontena ya Docker (mazingira yaliyotengwa yanayobeba mfumo mwingine) yenye Ubuntu 20.04, ndani ya kompyuta yako hiyohiyo, inatosha. Kuiunganisha programu na maktaba zake ndani kwa ndani kunawezekana pia, ila kwa glibc sikupendekezei, kwa kuwa utafutaji wa majina ya mtandao bado huhitaji maktaba za mashine husika. Ukimaliza, endesha objdump -T, amri inayoorodhesha alama ambazo programu inazihitaji, juu ya programu yako na uzitazame alama za GLIBC: isiwepo hata moja inayozidi 2.31.