Pasiwadi ninayo mimi tu, mteja atapitia wapi?

SWALI: Fundi, salamu. Nina saiba hapa Kawangware, kompyuta sita zenye mfumo wa Linux. Mteja huingia kwa akaunti ya mgeni isiyoruhusu kuweka programu. Masasisho niliyazima mwaka juzi, yalikuwa yanakula bando. Sasa kijana aliyekuja kutengeneza printa anasema mteja anaweza kujifanya msimamizi bila pasiwadi. Ni kweli, au anatafuta kazi?
Mama Saiba

JIBU: Mama, huenda anatafuta kazi, lakini hajakudanganya.

Ziko programu chache ambazo hufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi hata zikiitwa na mgeni. Bila hizo mtu asingeweza hata kubadilisha pasiwadi yake mwenyewe. Mojawapo ni pkexec, inayoendesha programu nyingine kwa mamlaka ya msimamizi. Januari 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta, Qualys, ilitangaza kwamba pkexec ilikuwa na kasoro tangu ilipotoka mwaka 2009. Kasoro yenyewe ni ndogo hata inaudhi: ikiitwa bila kupewa neno lolote, hata jina lake, ilikuwa inasoma na kuandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu. Mjuzi anatumia upenyo huo kuilazimisha ipakie faili aliyoitengeneza yeye, na faili hiyo inaendeshwa kwa mamlaka yote. Pasiwadi yako haiulizwi kabisa.

Kasoro nyingine, iliyoitwa Dirty COW, ilikuwa ndani zaidi, kwenye keneli, moyo wa mfumo. Iliingia 2007, ikazibwa Oktoba 2016.

Mimi nisingehofia kompyuta zako, ningehofia wateja. Aliyepata usimamizi saa nne asubuhi anaweza kuacha programu inayonasa kila herufi inayobonyezwa. Saa tano anakuja mzee wa watu kujaza ritani za kodi za KRA au kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na pasiwadi yake imekwenda.

(Mwenzako wa Windows naye asicheke. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya huduma ya kuchapisha, tena kazi ya saiba ni kuchapisha!)

Matundu kama haya huzibwa kwa masasisho, kwa hiyo yawashe leo, uyapakue usiku ukishafunga. Kisha zima kompyuta na uiwashe upya, maana keneli mpya haianzi kazi mpaka hapo. Kabla na baada, fungua dirisha la amri (terminal) uandike uname -r, itakuonyesha namba ya toleo la keneli. Kwa mashine iliyokaa tangu mwaka juzi, namba isipobadilika, ujue bado unaendesha ile ya zamani.